Vifungo Vinne Pajani

Ukitaka kujua daktari anafanya kazi gani, usimuulize yeye. Atakupa maneno marefu na utaondoka hujui kitu. Niletee suruali yake. Mimi ni fundi cherehani wa hospitali, mwaka wa kumi na tisa sasa, na chumba changu kiko nyuma ya dobi, mlango wa pili baada ya mashine kubwa za kufulia. Kila suruali ya kijani iliyochanika, iliyofumuka au iliyokatika kamba hupita mikononi mwangu. Anayepiga magoti kando ya vitanda namjua. Anayeegemea kuta namjua. Yule anayefuta mikono ya mafuta kwenye makalio namjua pia, ila simsemi, maana ni bingwa na watu wanamheshimu.

Kilichonikera miaka yote hiyo ni wino. Wino pajani, juu kidogo ya goti, ukubwa wa kiganja. Dobi waliloweka, wakasugua, wakanuna, haukutoka. Nilikuwa nikiwasema peke yangu chumbani: watu wazima, wamesoma mpaka mvi zimeota, na hawajui kuwa wino unakaa kwenye karatasi! Nilishona viraka juu ya madoa, na wiki mbili baadaye viraka vilirudi navyo vina madoa.

Sasa mwaka huu zikaja kompyuta za kuvaa. Zilikuwa kumi na mbili, za majaribio ya siku tisini, zote kwa madaktari wa wodi ya ghorofa ya kwanza. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, imevimba mgongoni, na ina mkanda wa kufunga mkononi chini kidogo ya kiwiko. Kwa ule mgongo wake watu wakaiita kobe, na jina likashika. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza hata kwa mtu kama mimi. Jibu la damu likitoka maabara, kobe inatetemeka mkononi mwa daktari wa mgonjwa huyo, inawaka, na inamwonyesha namba ya kitanda na jibu lenyewe. Likiwa la hatari linakuja kwa rangi nyekundu.

Aliyezipigania hizo kobe ni binti yangu. Kwa haki ni binti wa marehemu mdogo wangu, na mimi ni mama yake mkubwa, lakini tangu mama yake aondoke mimi ndiye mama na hakuna mjadala. Ni daktari kwenye wodi hiyohiyo. Alimwandikia mkurugenzi barua tano, akaenda kusimama mlangoni kwake mara nyingine nne, mpaka yule mzee akakubali ili apate amani.

Naomba niseme sababu yake mara moja, isije ikanikwama kooni. Miaka minne iliyopita mdogo wangu alilazwa kwenye wodi ile, figo zinamsumbua. Asubuhi wakamtoa damu. Maabara walifanya kazi yao. Saa tatu jibu lilikuwa tayari, likaandikwa kwenye karatasi, na mhudumu akaileta na kuitumbukiza kwenye kisanduku cha majibu. Kisanduku hicho ni cha mbao, kimepigwa misumari ukutani kando ya mlango wa wodi. Ile karatasi ilisema damu yake ina potasiamu nyingi mno, kiasi cha kusimamisha moyo, na dawa ya kuzuia hilo ilikuwepo kabatini, hatua kumi na mbili kutoka kitanda chake. Nimezihesabu. Madaktari walikuwa wawili kwa wagonjwa arobaini, hakuna aliyekaa hata kunywa maji, na kisanduku hakikufunguliwa mpaka baada ya saa nane mchana. Moyo wa mdogo wangu ulisimama saa saba na nusu.

Hakuna aliyemuua. Hilo ndilo linalouma zaidi, huna wa kumshika shati. Lakini mkuu wa wodi alikuwa mmoja, naye ni yule tunayemwita Bwana Kalamu, kwa sababu mfukoni kwake hazikosekani kalamu nne na zote anazitumia. Tangu siku ile sikumpa zaidi ya salamu ya heshima. Suruali zake nilizishona vizuri, mishono imenyooka, ila nilizishona kwa hasira.

Sasa turudi kwenye kobe. Siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nane majaribio yaishe, binti yangu aliingia chumbani kwangu, akajitupa juu ya rundo la mashuka.

"Mama Mkubwa, zinarudishwa."

"Nani kasema?"

"Takwimu. Siku themanini na mbili, na watu wanazivaa chini ya saa moja kwa siku. Ijumaa ijayo mkurugenzi anapita wodini na kamati yake, na Bwana Kalamu ameshaandika maoni. Anasema kisanduku kinatosha."

Nilijichoma sindano. Kisanduku kinatosha! Nilinyonya kidole mpaka hasira ikapungua kidogo, ndipo nikamuuliza, "Kwa nini hawazivai?"

"Watu hawapendi mabadiliko."

"Hayo ni maneno ya mkutanoni. Wewe mwenyewe yako iko wapi?"

Akautazama mkono wake. Ulikuwa mtupu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimeiacha pale juu."

Nikachukua kikapu changu cha pini nikapanda ngazi. Sista wa wodi, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, ambaye ni rafiki yangu kwa sababu hiyohiyo, alinipeleka mpaka kwenye masinki ya kunawia. Juu ya masinki kuna dirisha, na kwenye kizingiti cha dirisha kobe tisa zilikuwa zimepangwa zimelala kifudifudi. Moja ilikuwa inatetemeka, inajisogeza taratibu kuelekea ukingoni, inapeleka jibu la mtu kwenye vigae.

"Mbili ziko kwenye droo," sista akasema. "Na moja iko kwa mkurugenzi, inazuia karatasi zisipeperuke."

Nikasimama pale nusu saa nikitazama, na hiyo nusu saa ilinitosha. Sheria ya wodi ni kwamba kuanzia kiwiko kushuka chini daktari havai kitu, si saa, si bangili. Kabla ya kila mgonjwa ananawa mpaka kwenye kiwiko. Kwa hiyo daktari akija na kobe yake anaivua, ananawa, anaivaa, anamwona mgonjwa, anaivua, ananawa. Akifika kwa mgonjwa wa tatu anaiacha dirishani na kuendelea na maisha yake. Wewe ungefanyaje?

"Aliyezitengeneza hakuwahi kumwona daktari ananawa?" nikauliza.

"Fundi wao alikuja siku moja," sista akasema. "Akakaa ofisini, akanywa chai, akasifia rangi ya ukuta, akaondoka."

Nilishuka ngazi ninaongea peke yangu. Miezi mitatu wasomi wote wale wanaandika ripoti kuhusu watu wasiopenda mabadiliko, na hakuna aliyefika kwenye sinki! Lakini asiyejua maana haambiwi maana, na mimi sikuwa na muda wa kumwambia mtu. Nilikuwa na siku nane.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kijinga, na nitalisema, kwa sababu mficha uchi hazai. Nilikumbuka saa za masista, zile zinazobanwa kifuani kichwa chini miguu juu, ili mwenyewe akiinamisha macho asome bila kutumia mikono. Nikasema, jibu si hili hapa? Jumamosi na Jumapili nikashona mfuko wa kuning'inia kifuani, na Jumatatu asubuhi binti yangu akapanda nao wodini kifua mbele. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mwenye kikohozi. Binti akainama kumsikiliza mapafu, kobe ikaning'inia, ikabembea, ikamgonga mzee puani. Mzee wa watu alikuja na kikohozi, akajikuta na pua iliyovimba.

"Mwambie huyo aliyekushonea," alisema akiwa ameishika pua, "kwamba mimi sikuja hapa kupigana."

Sista alicheka mpaka akalazimika kukaa. Mimi sikucheka. Nilirudi chumbani nimenuna, nikajifungia na suruali za wiki, maana hasira zangu huwa nazimalizia kwenye kazi. Zilikuwa suruali thelathini na moja. Nikaanza kuzipanga kama kawaida, zenye madoa huku, zisizo na madoa huku, na rundo la madoa likawa refu mpaka likaanguka. Kati ya thelathini na moja, ishirini na sita zilikuwa na wino. Pajani, juu ya goti, palepale, kama vile wote walifundishwa na mwalimu mmoja.

Nilizitazama zile suruali kwa muda mrefu. Kisha nikapanda ngazi tena, safari hii nikikimbia, na umri huu.

Binti yangu alikuwa anapita kitanda hadi kitanda na mwenzake. Nikasimama nyuma ya pazia nikamtazama. Alipotajiwa kipimo cha mgonjwa, alifanya jambo ambalo nadhani hata mwenyewe hakujua kuwa analifanya. Alichana kipande cha plasta nyeupe, akakibandika pajani, akachukua kalamu akaandika juu yake: kitanda, namba, saa. Akaendelea na mgonjwa mwingine, akajitazama pajani, akasoma, akaongeza mstari. Wino ulipenya plasta ukaingia kwenye kitambaa. Mwenzake alikuwa na plasta mbili pajani.

Miaka kumi na tisa tulikuwa tukifua na kushona viraka juu ya jibu! Mkono wa daktari ulishachagua pa kuandikia na jicho lake lilishachagua pa kusomea, zamani sana, bila kamati. Nikatamani kuwaomba radhi wote niliowatukana. Nilimaliza kutamani haraka, nikaenda kutafuta kitambaa.

Nilitumia turubai la machela iliyostaafu. Dirisha la kuonea lilinipa kazi, kwa sababu nailoni ya kawaida hukunjamana na kufifia. Nikakumbuka zile picha za zamani za eksirei zilizojaa stoo. Nikaloweka moja kwenye dawa ya klorini ya dobi, na mbavu za mtu nisiyemjua zikayeyuka polepole, nikabaki na karatasi ngumu ya kung'aa, unaona ndani kama kioo. Nikashona mfuko wa kobe, dirisha mbele, kobe imelazwa ili maandishi yamwelekee mwenyewe akitazama chini. Na kwa sababu suruali hufuliwa kila siku na kobe haifuliwi, mfuko wenyewe niliuwekea matundu manne, na kwenye suruali nikashona vifungo vinne. Ukimaliza zamu unaufungua, unaufuta kwa spiriti, suruali inakwenda dobi, mfuko unahamia kwenye suruali nyingine.

Jumanne jioni binti yangu aliuvaa hapo chumbani kwangu. Akatembea. Akachuchumaa. Akainama mpaka nywele zikagusa sakafu. Nikamvalisha glavu zilizolowa akagusa dirisha, na kobe ikamtii. Kisha maabara wakapeleka jibu la mtu fulani, kobe ikatetemeka, naye akaruka kama aliyekanyaga msumari.

"Mama Mkubwa! Hii hata nikitaka kuisahau siwezi, inanitikisa mfupa!"

"Na ukinawa?"

Akanyoosha mikono yake miwili, mitupu kuanzia kiwiko mpaka kwenye kucha. Akaitazama, akaanza kulia. Mimi nikamwambia aache kunilowanishia turubai, kisha nami nikalia, tukawa wawili.

Zilibaki Jumatano na Alhamisi. Sikuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Kuomba ruhusa ni kumpa mtu nafasi ya kukataa. Nilikuwa na gunia la sare za zamani za masista zilizokuwa zinangoja kuchanwa kuwa vitambaa vya kudekia, na kila moja ilikuwa na vifungo vyeupe imara. Nikavikata vyote. Suruali zote za wodi, arobaini, zikapata vifungo vinne kila moja. Na mifuko kumi na mbili ikakamilika Alhamisi saa sita, vidole vimevimba kama ndizi.

Saa saba mlango wangu ukafunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Bwana Kalamu, suruali mkononi, ameishika mbali na mwili wake.

"Fundi, hii ni nini?"

"Vifungo, Daktari."

"Naviona. Vinafanya nini pajani?"

"Vinasubiri."

Akavua miwani. "Mimi nina miaka thelathini na moja kwenye kazi hii. Nimewaona waliokuja na waya, waliokuja na skrini, waliokuja na redio. Wote waliondoka na wagonjwa wakabaki na mimi. Mimi nafanya kazi kwa kalamu na akili yangu."

"Na kisanduku," nikasema.

Sikupanga kulisema. Lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi. Bwana Kalamu akaishusha ile suruali.

"Unadhani sikumbuki," akasema.

"Sijui unakumbuka nini. Hujawahi kuniambia."

"Saa nane na dakika kumi." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilikuwa na mtu anatapika damu tangu asubuhi. Alipotulia nikaenda kunawa, nikapita mlangoni, nikafungua kisanduku. Karatasi ya mdogo wako ilikuwa ya pili kutoka chini. Niliisoma akiwa ameshafunikwa."

Miaka minne nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumwambia siku tukifika hapo, na yote yalinipotea. Alikuwa mzee aliyechoka, ameshika suruali.

"Kwa hiyo kwa nini, Daktari?" nikamuuliza. "Kwa nini unakitetea?"

"Kwa sababu kisanduku nakijua ubaya wake," akasema. "Hizo mashine ubaya wake bado sijaujua. Siku itakayonyamaza, nani atakumbuka kutazama karatasi?" Akavaa miwani. "Nitaivaa kesho. Mbele ya kamati, saa nzima, nikifanya kazi yangu. Waone wenyewe kwamba haiongezi kitu. Kisha zirudi zilikotoka."

"Vaa," nikasema. "Kwa sababu yoyote unayotaka, wewe vaa tu."

Nikamkabidhi mfuko wa kumi na mbili. Alipoondoka nikaokota vipande vya nyuzi sakafuni.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa wodini, juu ya kigoda, ndoano za pazia mdomoni. Sista alinipa kazi ya kubadilisha mapazia siku hiyohiyo makusudi, ili niwe na haki ya kuwepo. Mkurugenzi aliingia na watu wake wanne, kalamu na madaftari. Fundi wa kompyuta, yule wa chai, naye alikuja, tai shingoni, akaziona kobe ziko mapajani mwa watu, akakunja uso kama mtu aliyekuta viti vyake vimegeuzwa meza. Binti yangu akaanza kuwaeleza, wamesimama kwenye kona ya mbali karibu na dirisha.

Bwana Kalamu alikuwa upande wangu, kitanda cha kumi na nne, anatoa maji yaliyojaa kifuani mwa mgonjwa. Ni kazi ya kutuliza pumzi. Sindano iko ndani, mkono wa kushoto unaishika isisogee, wa kulia unavuta, glavu safi, huruhusiwi kugusa kingine chochote. Nilimwona vizuri kutoka juu ya kigoda changu. Kobe ilikuwa pajani mwake, vifungo vinne vimefungwa, kimya. Alikuwa ameifunga sawasawa. Nikajisemea moyoni, mzee huyu hata akitaka kushindana na kitu anakivaa vizuri.

Ghafla akashtuka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, naye alishtuka hasa kama aliyeng'atwa, ila mikono haikusogea hata unywele. Akainamisha macho. Niliiona ile rangi nyekundu ikimulika kwenye miwani yake.

"Kitanda cha tano!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Potasiamu saba nukta nane! Kalsiamu ya mshipa, sasa hivi! Nani ana mikono?"

Binti yangu alimwacha mkurugenzi katikati ya neno. Sikumwona akikimbia, nilimwona tu akiwa kabatini, kisha nikamwona akiwa kitanda cha tano, na sista ameshafika na mashine ya kupima moyo. Kwenye kitanda hicho alikuwa amelala mama mmoja wa makamo, macho yamelegea, na dada yake mkubwa amekaa kando ameshika kopo la uji. Yule dada akasimama. "Kuna nini? Alikuwa anaongea na mimi sasa hivi. Kuna nini?" Mistari ya moyo kwenye mashine ilikuwa mipana na mizito, imeachana sana. Binti yangu akaingiza dawa polepole, midomo inahesabu.

Mimi nilikuwa nimeng'ata ndoano za pazia. Sikuomba dua yoyote yenye maneno. Nilisema tu moyoni, safari hii, safari hii, safari hii.

Mistari ikaanza kusogeleana. Ikawa myembamba. Ikapata mwendo. Yule mama akafumbua macho, akamtazama dada yake, akasema kwa sauti ya usingizi, "Mbona umesimama? Utamwaga uji."

Sista alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo kwa sababu ni wodi ya wagonjwa, halafu akaona haina maana akapiga cha pili. Wagonjwa walioweza kupiga makofi wakapiga. Mkurugenzi alikuwa ameshika saa yake. "Dakika nne," akasema, akawageukia wenzake kama anayeogopa hawatamwamini. "Kutoka alipopaza sauti mpaka dawa imeingia yote, dakika nne."

Na Bwana Kalamu? Bwana Kalamu alikuwa bado anatoa maji kifuani mwa mgonjwa wake. Alimaliza, akafunga, akavua glavu, akanawa mpaka kwenye kiwiko, hakuvua kitu. Kisha akasimama katikati ya wodi, akaitazama kobe pajani mwake kwa muda, akaipapasa mara moja kwa kiganja.

Mkurugenzi na kamati yake bado walikuwa wanazungumza wakati mhudumu wa maabara alipoingia na karatasi za asubuhi. Akazitumbukiza kwenye kisanduku kama kila siku, akajiendea. Mkurugenzi akaenda, akakifungua mwenyewe, akachambua. Akatoa moja akaisoma kwa sauti, kitanda cha tano, potasiamu saba nukta nane, na akatazama tena saa yake. Zilikuwa zimepita dakika hamsini na mbili, na yule mama alikuwa anamalizia uji.

"Daktari," mkurugenzi akamwambia Bwana Kalamu, "nina maoni yako ya maandishi hapa."

"Yachane," Bwana Kalamu akasema. "Nitaandika mengine. Zibaki, na ziongezwe wodi zote. Karatasi nazo ziendelee kuja, mikononi mwa sista, kwa siku ambayo mashine itanyamaza." Akamgeukia fundi wa kompyuta, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu. "Na wewe, kabla hujatengeneza nyingine, nenda ukakae kwa yule mama pale juu ya kigoda. Siku tatu. Usinywe chai."

Wodi nzima ikanigeukia, na mimi nina ndoano saba mdomoni, siwezi hata kusema ahsante. Nakiri nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Jioni nilikuwa nakusanya mkasi na nyuzi zangu alipobisha hodi. Safari hii alibisha. Bwana Kalamu aliingia na kile kisanduku cha mbao kwapani. Misumari bado ilikuwa imechomoza nyuma, na chokaa ya ukuta imegandamana nayo. Akakiweka juu ya meza yangu, kando ya cherehani.

"Sikujua nikipeleke wapi," akasema. "Kukitupa nimeona si haki. Ningekuja nacho miaka minne iliyopita, nikuambie yale ya jana. Sikuwa na ujasiri. Nisamehe, Fundi."

Nilikipapasa kifuniko. Kilikuwa laini kwa kushikwa na mikono mingi. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokuwa nikikiota.

"Nimekusamehe," nikasema, na nilipolisema nikaona ni kweli, nikajishangaa. Nikachukua vifungo vyote vilivyobaki, nikavimimina ndani ya kisanduku. "Suruali yako imefumuka pindo. Niletee Jumatatu."

Yule mama wa kitanda cha tano aliruhusiwa Jumatano iliyofuata. Njia ya kutokea inapita mbele ya dobi, na mimi nilikuwa mlangoni naanika mifuko mipya iliyofutwa. Alipita anatembea kwa miguu yake, hanijui, simjui. Nyuma yake alikuwa dada yake mkubwa, amembebea begi na blanketi na lile kopo la uji, anamfokea. Polepole wewe, umetoka kitandani leo, kwani unakimbilia wapi, lini utanisikia mimi. Mdogo mtu anacheka tu na kuendelea na mwendo wake.

Nilitamani kumwambia yule dada asiache. Amfokee mpaka wafike nyumbani.